Kijitabu cha WHO cha utengamao baada ya UVIKO-19: kinachofaa na kinachopungua

Mgonjwa wa UVIKO-19 ambaye homa imekwisha, lakini uchovu, kuishiwa pumzi na kusahausahau vimegoma kuondoka, atapata msaada wa kweli katika toleo la pili la kijitabu cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu kujihudumia wakati wa kupona, lililotolewa mwaka 2021 na linalopatikana bila malipo. Toleo la mwaka 2020 liliwalenga zaidi waliozidiwa wakalazwa hospitalini. Kupanua wigo kulistahili, kwa kuwa wengi wanaosumbuliwa na dalili kwa miezi hawakuwahi kulazwa hata usiku mmoja.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni ile ya kurudi kwenye shughuli kwa awamu tano. Mgonjwa hupima mwenyewe ugumu wa kazi kwa kipimo cha 0 hadi 10, hukaa katika kila awamu kwa siku 7 au zaidi, na harudi kwenye mazoezi mazito mpaka mwili uonyeshe kwamba umeimudu awamu iliyotangulia. Kijitabu kinaonya waziwazi kwamba kwa baadhi ya watu dalili huzidi saa au siku kadhaa baada ya kujitumikisha, na kwamba hao wanahitaji kugawa nguvu zao na kupumzika badala ya kuongezewa mazoezi. Onyo hilo ni muhimu sana kwetu, ambako ndugu wenye nia njema humhimiza mgonjwa ajikaze, naye hujikaza mpaka akarudi kitandani. Mazoezi yenyewe hayahitaji mashine. Kiti na ukuta vinatosha kwa mengi.

Upungufu wake, kwa maoni yangu, ni kwamba kinamngoja mgonjwa akitafute. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la JAMA Internal Medicine, uliokusanya tafiti 41 zenye watu zaidi ya 860,000, ulionyesha kwamba hatari ya kubaki na dalili kwa muda mrefu baada ya UVIKO-19 ni kubwa zaidi kwa wanawake, wenye umri mkubwa, wenye uzito uliopitiliza, wavutaji sigara, wenye maradhi mengine kama pumu, kisukari na sonona, na waliolazwa, hasa katika wodi ya wagonjwa mahututi. Waliopata dozi mbili za chanjo walikuwa na hatari ndogo. Ningependa maelezo ya namna hiyo yakae kurasa za mwanzo, kwa kina na kwa lugha nyepesi, ili mwenye kisukari aliyeugua kidogo tu ajue kwamba uchovu wake una sababu ya kuchunguzwa, na muuguzi naye ajue ni nani wa kufuatiliwa mapema.

Ninakipendekeza kwa mwenye dalili za wastani ambaye ameshaonwa na daktari. Anayepaliwa anapokula, anayeumwa kifua au aliyetoka kwenye mashine ya kupumulia asikitegemee peke yake. Huyo apelekwe kwa daktari, mtaalamu wa tiba ya viungo au wa matatizo ya kumeza, kulingana na dalili zake, hata kama ni lazima kusafiri hadi hospitali ya rufaa.