TAHADHARI: Huyu anayeuza "Korg VC-10" Bagamoyo hana kinanda, msimtumie hata mia

Wadau wa muziki wa Tanga, Bagamoyo, Dar na kokote mliko. Nimekaa siku nne kabla ya kuandika ili nisije nikaandika matusi. Kuna mtu anatangaza kinanda cha zamani, Korg VC-10, kile chenye maiki ya shingo ndefu iliyosimama juu yake, kinachofanya maneno ya mtu yatoke kama ya roboti. Anasema yuko Bagamoyo. Kinanda hana. Mimi amenipiga 820,000, na nauli ya mzigo nikalipa juu.

Jina alilonipa siliandiki, maana nina hakika si lake, na namba zake zote mbili ziko polisi. Nawapa mwenendo wake. Jina anaweza kubadilisha kesho asubuhi, mwenendo hubadilishi haraka hivyo.

Najua kuna watakaosema, "Si utumie Auto-Tune kama wenzako wa Bongo Fleva?" Hapana jamani, ni vitu viwili. Auto-Tune, iliyotoka 1997, inachukua sauti yako na kuivuta ikae kwenye noti. Vokoda, ndiyo aina ya kifaa hiki VC-10, ni mambo mengine: sauti yako haitoki kabisa. Inayotoka ni ya kinanda, ila kinanda kimeazima mdomo wako. Kifaa kinaisikiliza sauti yako vipande vipande, kuanzia nzito mpaka nyembamba, kisha kinaifungulia na kuibana sauti ya kinanda vivyo hivyo. Ukisema "aaa" kinanda kinasema "aaa". Ukibonyeza noti nne kwa pamoja, unapata watu wanne wa chuma wanaitikia. Kwa sisi tunaopiga kinanda kwenye taarabu, ambako kiitikio ndiyo roho ya wimbo, hebu fikiria mwenyewe. Mimi nimekifikiria miaka sita.

Wazo lenyewe ni la Mmarekani Homer Dudley, mhandisi wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu, miaka ya 1930, na hakuwa na habari na muziki: alitaka kupitisha maneno mengi kwenye waya mdogo wa simu. Kwenye Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1943, mtambo uliojengwa kwa wazo hilo ulitumika kuficha mazungumzo ya simu kati ya Washington na London. Wanamuziki walikuja baadaye. Korg wakatoa VC-10 mwaka 1978 huko Japani: vitufe 32, maiki yake, na mshale mdogo unaocheza unapoongea. Kiliacha kutengenezwa zamani sana. Aliye nacho hukikumbatia. Kwa hiyo nilipoona tangazo la kimoja kiko Bagamoyo, kwa 1,600,000, akili ilinitoka. Nakiri.

Hadithi yake ilikuwa na mzungu. Eti mwalimu wa muziki aliishi Bagamoyo, akarudi kwao, akamwachia vyombo yeye aliyekuwa akimtunzia nyumba. Unajua Bagamoyo ilivyo, mji wa ngoma na wasanii, wageni wanaokuja kujifunza hawakosekani. Hadithi kama hiyo huwezi kuikataa. Nikamwambia, "Mkuu, Jumamosi napanda gari, nashuka Msata, nachukua la Bagamoyo, saa nane niko kwako." Akajibu, "Karibu sana kaka, utakula na samaki." Ijumaa usiku ananipigia, sauti imekauka: amefiwa na shemeji yake, anaelekea Dar. Sasa mtu yuko msibani, utambana vipi? Nikampa pole. Nilimtumia na rambirambi ya elfu kumi, hiyo sijaihesabu kwenye deni.

Jambo lililonimaliza kabisa ni la umeme. Mimi nilikuwa sijaliuliza, yeye ndiye aliyelianzisha. Akasema, "Kaka, hiki ni cha soko la Japani, ni cha volti 100, ukikichomeka ukutani kwetu unakiua." Na ni kweli! Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Kwa nyuma ya chombo kuna kibati kimeandikwa volti zake, na vinanda vingi vizuri vimekufa nchi hii kwa mtu kutosoma kibati hicho. Nikajiambia, tapeli hawezi kunionya nisiunguze kinanda. Akaniambia anaye fundi wa transfoma ya kushusha umeme, 120,000. Nikatuma. Kabla ya hapo nilishatuma 700,000 ya kushikilia, kwa sababu "kuna jamaa wa Dar anakuja kukichukua kesho". Jina lililotokea kwenye simu wakati natuma lilikuwa la mwanamke. Akasema ni laini ya mkewe. Wote tunacheka zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", halafu tunafanya yale yale kwa hiari yetu.

Sasa video. Hii naomba muisome taratibu.

Nilimwomba anionyeshe kinafanya kazi. Akaleta video ya nusu dakika: mkono mmoja kwenye vitufe, sauti ya roboti inahesabu kwa Kiswahili, moja, mbili, tatu, safi kabisa, mpaka nikasisimka mikono. Niliitazama labda mara ishirini usiku ule na sikuona kitu. Baada ya kuibiwa ndiyo nikaona. Alipofika "saba", mkono unaondoka kwenye vitufe. Anajikuna pua. Na roboti anaendelea: nane, tisa, kumi, kwenye noti ile ile, hata hatikisiki.

Haiwezekani. Vokoda bila kidole kwenye kitufe haina noti ya kuongelea. Mkono ukiondoka, roboti anakata palepale, katikati ya neno. Ile sauti ilitengenezwa kwenye programu ya simu ikabandikwa juu ya picha. Mimi mpiga kinanda wa miaka kumi na saba nilikuwa natazama mshale unavyocheza, sikutazama vidole.

Na picha nazo. Alisema amezipiga asubuhi ile, sebuleni kwake. Kijana ninayemfundisha, nilipomwonyesha (nimechelewa, lakini nilimwonyesha), alizitazama sekunde tano akauliza, "Kaka, hii soketi ya wapi?" Nyuma ya kinanda, chini ya dirisha, kuna soketi ya ukutani yenye matundu mawili membamba ya kusimama. Zile za Japani na Marekani. Nyumba gani ya Bagamoyo ina soketi hizo? Zetu mnazijua, pini tatu nene. Picha zimechukuliwa kwa mtu mwingine ng'ambo, ambaye pengine bado anacho kinanda chake na hana habari na sisi.

Mzigo ulifika. Ndiyo, alituma mzigo, na hapo ndipo anapowashika watu, kwa sababu ukishatumiwa picha ya risiti ya basi unaona mambo yamekwisha, unalipa na pesa iliyobaki. Mimi Mungu alinisaidia sikuwa nayo siku ile. Nikaenda stendi ya mabasi ya Kange, Tanga, jioni, nikalipa 15,000 ya nauli ya mzigo, nikakabidhiwa boksi limezungushiwa solotepu ya kahawia mpaka halionekani rangi. Nililiinua kwa mkono mmoja. Moyo ukashuka. Chombo cha 1978 kina chuma na transfoma tumboni, hukiinui kama mfuko wa mikate.

Nikaomba kisu kwa dada wa ofisi ya mizigo, nikafungua palepale mbele yake. Magazeti, magazeti, halafu kinanda cha watoto. Cha plastiki, cha betri, kina vibonyezo vyekundu vyenye picha za wanyama. Dada akabonyeza ng'ombe, ng'ombe akalia. Akabonyeza kingine, kikasema maneno ya Kichina kwa sauti ya puani. Alitaka kucheka, akaniangalia usoni, akaacha. Dereva wa bajaji aliyekuwa pembeni ndiye hakujizuia: "Mjomba, ndicho hicho cha milioni?"

Nikampigia muuzaji nikiwa hapohapo. Akapokea! Nikamwambia ulichotuma ni toi. Akanijibu kwa utulivu kabisa, "Si ulitaka kinachoongea kama roboti?" Akakata. Tangu hapo namba haipatikani.

Binamu yangu anayeishi Bagamoyo alikwenda kwenye nyumba aliyonielekeza, karibu na soko la samaki. Nyumba ipo, na mlango wa bluu aliousema upo, watu wake ni wazee wawili, hawajawahi kukaa na mzungu wala kinanda. Wamemkaribisha chai. Nimeripoti polisi, nina RB (namba ya kesi), na namba zake nimezituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Kina mama na dada zetu, pigeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyenu, kwa sababu yule "mke" naye inawezekana ni mtu aliyeibiwa jina lake tu.

Kwa anayetafuta kifaa cha aina hii kwa mtu asiyemjua, iwe VC-10, iwe Roland VP-330 ya 1979, fanya hivi kabla hujagusa menyu ya kutuma pesa. Mwambie akupigie simu ya video, asikutumie iliyorekodiwa. Abonyeze vitufe bila kuongea: upande wa vokoda uwe kimya. Aongee bila kubonyeza: roboti asitokee. Kisha afanye vyote pamoja, na kwa sauti hiyo ya roboti atamke jina lako na siku ya leo. Mwenye chombo hiyo ni kazi ya dakika moja na atafurahi kukuringishia. Halafu ageuze nyuma akuonyeshe kibati cha volti. Akianza kusema bando limeisha, mwache na bando lake. Na kama shida yako ni ile sauti tu, si uzee wa chombo, kuna microKORG, kinanda kidogo cha Korg chenye vokoda ndani, ipo tangu 2002, ina maiki ya shingo ndefu vilevile, na zilizotumika zinapatikana bila hadithi ya mzungu. Mimi kibri changu ndicho kilitaka cha 1978.

Nilidhani ningesubiri polisi kwanza, lakini jana usiku rafiki yangu wa Pangani amenitumia tangazo anaulizia kama bei ni nzuri. Picha zile zile, soketi ile ile chini ya dirisha. Namba mpya, inaishia na 41. Bei imeshuka mpaka 1,200,000, na safari hii mzungu alikuwa anaishi Pangani.