Kusaka vijiji vilivyopotea Uingereza: lida au picha za mazao?

Swali la kwanza si chombo kipi ni bora, lida (upimaji wa ardhi kwa leza kutoka angani) au picha za mazao zinazopigwa kutoka angani, bali shamba limelimwa au la.

Pale jembe halijapita sana, kama kwenye kijiji kilichohamwa cha Wharram Percy kule Yorkshire, misingi ya nyumba na njia za zamani bado ni vinundu na mabonde chini ya majani. Hapo lida haina mpinzani. Ndege humimina miale ya leza, baadhi hupenya matawi hadi ardhini, kisha programu huiondoa miti. Data ya lida yenye kipimo kimoja kwa kila mita 1, ya Environment Agency (shirika la serikali la mazingira), hupakuliwa bure. Kosa linaloponza wengi ni kuangaza ramani, kwa mwanga wa kuigiza kwenye kompyuta, kutoka upande mmoja tu: tuta linalolala sambamba na mwanga hutoweka. Angaza pande nane, uzilinganishe. Vichaka vizito vya miiba navyo huweza kujifanya ardhi.

Jembe likishasawazisha kila kitu, lida mara nyingi huambulia patupu. Sasa mazao ndiyo hushuhudia. Handaki lililofukiwa hutunza unyevu, hivyo shayiri juu yake hurefuka na kubaki kijani. Juu ya msingi wa mawe hudumaa na kukauka mapema. Piga picha Juni na Julai, kwenye ardhi ya chokaa au changarawe. Udongo wa mfinyanzi hushika maji mno, tofauti huonekana kwa nadra. Ukame wa 2018 ulifichua maeneo mengi. Jihadhari na nyufa za enzi ya barafu, ambazo huchora mistari inayofanana sana na mitaro.

Mimi ningeanza na lida: haisubiri ukame.