Tela la mizigo kwenye baiskeli ya umeme: uzoefu wangu Tanga

Nikipita Ngamiani na tela nyuma ya baiskeli ya umeme, swali ninalorushiwa ni moja: "Dada, hiyo mota inaweza?" Inaweza. Mota ndiyo kitu cha mwisho cha kukuumiza kichwa. Kwenye barabara tambarare, na Tanga mjini karibu kote ni tambarare, wati 250 zinavuta madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa na bado nabaki na pumzi ya kuitikia salamu. Kinachotaka akili ni pale tela linaposhikana na baiskeli, na baada ya hapo breki.

Vyombo vyangu ni vya mtumba vyote viwili. Baiskeli ina mota kwenye habu, yaani kitovu, ya gurudumu la nyuma na betri ya volti 36, ampea-saa 10.4, yaani wati-saa 374 hivi. Tela ni la fremu ya alumini, sakafu ya turubai, magurudumu mawili ya inchi 16, linakunjika, na uwezo wake ni kilo 45. Nauza juisi, ya machungwa na ya ukwaju. Machungwa nachukua soko la Mgandini, juisi napeleka maofisini Chumbageni na kwa wateja wachache wa Raskazone. Zamani nilikuwa nakodi bajaji, na faida yote ya asubuhi inaishia kwenye nauli.

Sasa kiungio. Matela mengi ya magurudumu mawili hufungwa upande wa kushoto wa ekseli ya nyuma. Kuna kipande cha chuma chenye tundu: unakivisha kwenye ekseli, unakibana kwa nati, halafu mkono wa tela unaingia hapo na kushikwa na pini. Pembeni kuna mkanda wa usalama unaozungushwa kwenye fremu, ili pini ikichomoka tela lisiende zake. Kwa baiskeli ya kawaida kazi hiyo unaimaliza umesimama. Aliyeniuzia aliniapia kwamba kile kipande kinaingia baiskeli yoyote duniani. Hakikuingia. Tundu lilikuwa la ekseli ya milimita 10, na ekseli ya mota yangu ni nene, milimita 12, tena imechongwa bapa pande mbili.

Fundi wangu wa Barabara ya 12 alikigeuzageuza mkononi, akakibana kwenye jiliwa na kuanza kukipiga tupa taratibu, anapima, anapiga tena. Drili aliikataa. Alisema tundu likitoka pana kuliko ekseli, chuma kitacheza, na chuma kinachocheza hapo kinakula ekseli. Akanitoza elfu kumi. Niliona ghali wakati ule. Leo naona alinionea huruma.

Jambo alilonifundisha siku hiyo ndilo ningependa kila mwenye mota ya habu alijue. Mota inaposukuma gurudumu kwenda mbele, ekseli yenyewe nayo inasukumwa izunguke kinyume. Kinachoizuia ni ule ubapa wake ndani ya mdomo wa fremu, yaani ule mwanya ekseli inamokaa, pamoja na washa yenye ulimi unaoingia kwenye mdomo huo. Unapoongeza bati la tela, yaani kile kipande cha chuma chenye tundu, nafasi ya nati inapungua, na fundi mwenye haraka atakuambia toa hiyo washa nati ipate pa kukaa. "Dada, mtu asikuguse hii washa," aliniambia. "Ekseli ikizunguka mara moja tu, waya zote zinanyongwa." Maana waya za mota zinapita ndani ya ekseli hiyohiyo. Kwenye baiskeli yangu zinatokea kulia, upande wa cheni, kwa hiyo kushoto kuko huru. Kama zako zinatokea kushoto, angalia sana kabla ya kununua tela la aina hii, kwani kiungio kitakaa juu ya waya.

Mpangilio ukawa hivi: washa yenye ulimi mahali pake, bati la tela juu yake, kisha nati. Nati iingie hesi zote na ncha ya ekseli itokeze nje kidogo. Yangu ilitokeza hesi moja au mbili, ikatosha. Ingezama ndani ya nati, ningelirudisha tela. Baada ya siku za mwanzo nati ililegea kidogo, kwa sababu rangi ya fremu inajikandamiza chini ya bati. Niliikaza tena, haijalegea tangu hapo, lakini spana namba 18 inakaa kwenye mfuko wa kiti. Ukipata pancha njiani gurudumu la nyuma halitoki bila hiyo spana, na tela halina dogo la kukusaidia.

Wenye mota ya katikati, ile iliyo kwenye pedali, wamepata nafuu mbili. Nyuma hakuna waya wala ekseli ya ajabu, na mota inapitisha nguvu kwenye gia, hivyo mlimani inavuta vizuri kuliko yangu. Ila nyingi kati ya hizo zina ekseli ya kupenyeza, ile inayochomolewa nzima. Hapo unahitaji ekseli nyingine ndefu zaidi iliyotengenezwa kwa ajili ya tela, na vipimo vyake ni vitatu: unene, ambao mara nyingi ni milimita 12, urefu, na nafasi kati ya hesi na hesi, inaweza kuwa milimita 1.0, 1.5 au 1.75. Ukikosea hicho cha tatu utaharibu hesi za fremu. Burley na Thule wanauza ekseli za aina hiyo kwa matela yao, na kuna The Robert Axle Project ya Marekani ambao kazi yao ndiyo hiyo. Kuna pia matela yanayofungwa kwenye nguzo ya kiti. Nimeyajaribu ya jirani, sikuyapenda: mvuto unakuja kutoka juu, na ukikata kona baiskeli inahisi inavutwa shati.

Kupakia nako kuna siri yake. Mzigo mzito ukae mbele kidogo ya magurudumu ya tela, ili mkono ulale kwenye baiskeli kwa kilo chache. Ukiurudisha nyuma, mkono unainuka, nyuma ya baiskeli inakuwa nyepesi, na ukiongeza mwendo tela linaanza kutikisa mkia. Kwangu shida kubwa zaidi ni kimiminika. Dumu lililojaa hadi mdomoni halina neno. Dumu la nusu ni balaa: ukishika breki, juisi inakimbilia mbele na kukusukuma mgongoni, ukiachia inarudi nyuma na kukuvuta, na inaendelea hivyo hata baada ya wewe kusimama. Siku hizi nikibakiza nusu nahamishia kwenye chupa za lita tano na kuzibana kwa kamba ya mpira.

Tukija kwenye breki, mimi, baiskeli, tela na madumu mawili tunakaribia kilo 140, na tela halina breki yake. Breki zangu ni za diski za waya, zinatosha kwa mwendo wangu, lakini pedi zinaisha upesi mno tofauti na zamani. Baiskeli yenye breki za mpira wa kubana ringi nisingeifungia tela zito, hasa masika, ringi zikilowa. Kinachosaidia ni kwamba wenzo wa breki kwenye baiskeli yangu unakata umeme palepale, hivyo sishindani na mota. Na usishike breki kwa nguvu ukiwa katikati ya kona. Tela linaendelea na safari yake ya awali na kuisukuma nyuma ya baiskeli upande. Maliza kupunguza mwendo kabla ya kuingia konani. Kona kali ya kulia nayo ina adabu zake, kwani mkono wa tela unapita nyuma ya tairi na ukikunja mno unaweza kuligusa.

Kuanza mwendo ndipo betri inapoliwa. Mota ya habu haina gia za kubadilisha, kwa hiyo mwendo wa pole na mzigo mkubwa inakula umeme mwingi na kutoa joto. Kwenye kile kimwinuko cha kutoka ufukweni Deep Sea kuja mjini nashusha gia za pedali mapema, naisaidia kwa miguu, na nikifika juu ukishika habu unahisi uvuguvugu. Ukiiacha mota ipande peke yake kwa eksileta, ni kuitafutia kifo. Tela tupu halionekani kabisa kwenye betri. Likiwa na mzigo kamili, umbali ninaopata unapungua kwa karibu theluthi, na siku za kusimamasimama sana kwa wateja unapungua zaidi. Upepo wa kusi ukinijia usoni, namaliza chaji mapema hata nikiwa na dumu moja.

Barabara yenyewe: matuta yapande polepole, maana gurudumu la baiskeli linavuka, unajisahau, kisha tela linafuata na kuruka. Tray ya mayai ya jirani ilinipa somo hilo, na nililipa. Reli ivuke ukiielekea moja kwa moja, ukiiendea mshazari gurudumu dogo la inchi 16 linaingia kwenye mwanya. Mchangani usipoteze muda, shuka usukume. Bajaji ndizo za kuogopa zaidi, kwa sababu dereva anaona baiskeli na kukadiria nafasi ya baiskeli, haoni kwamba nyuma kuna kitu kipana chini ya usawa wa macho yake. Nimefunga kijiti chenye kitambaa chekundu na viakisi viwili nyuma, na jioni taa nyekundu ya betri upande wa kulia wa tela.

Je, guta si lingetosha? Kwa anayebeba magunia, guta au mkokoteni ni bora, wala sibishani. Hakuna tela la baiskeli litakalobeba mzigo wa guta. Ila guta huwezi kuliingiza uani, na huwezi kulikunja ukalilaza nyuma ya mlango. Mimi mzigo wangu ni kilo 40 kwenda, madumu matupu kurudi, na mchana baiskeli nataka iwe baiskeli tu. Nachomoa pini, nafungua mkanda, tela linabaki nyumbani, na lile bati dogo kwenye ekseli halinisumbui.

Hewa ya bahari imeshaanza kazi yake. Fremu ya alumini iko salama, lakini pini na bati la kiungio vinashika kutu, kwa hiyo navifuta na kuvipaka grisi kila wiki. Tairi na tyubu za inchi 16 hazinipi shida, ni zilezile za baiskeli za watoto, duka lolote la vipuri Ngamiani wanazo. Pini ya kiungio ndiyo haipatikani. Nimechongesha mbili za akiba kwa fundi wa kuchomelea, moja inakaa mfukoni na spana.