Rapa Nui: Tongariki au Rano Raraku?

Ukishavumilia saa tano hivi za ndege kutoka Santiago, Chile, hadi Rapa Nui (Kisiwa cha Pasaka), kila mtu kisiwani atakuhimiza udamke uende Tongariki. Hawakosei. Moai 15, zile sanamu kubwa za mawe, zimejipanga juu ya jukwaa moja, zimeipa bahari mgongo, na mwezi kama Januari jua huchomoza nyuma yake. Tsunami ya 1960 ilizisomba na kuzitawanya nchi kavu. Zilisimamishwa upya miaka ya 1990 kwa kreni iliyotoka Japani. Ila ukishapiga picha, umemaliza.

Mimi muda wangu ningeumalizia Rano Raraku, machimbo ambako moai zilichongwa, yanayoonekana kutoka hapo hapo. Karibu moai 400 zimebaki huko. Nyingine zimefukiwa hadi mabegani, nyingine bado hazijabanduliwa mgongo kwenye mwamba. Kuna moja ambayo ingesimama ingefika mita 21! Sogea, ila usiguse: alama za patasi za mawe bado zinaonekana. Na moai mmoja aitwaye Tukuturi, yeye kapiga magoti, kakalia visigino.

Kasoro yake ni tiketi ya hifadhi: Rano Raraku unaingia mara moja tu. Basi usiende umechoka, wala bila maji na kofia.