Ya Zamani au Mpya? Laptopu ya Chuo Ianzie kwenye Betri

Chuo kikikaribia kufunguliwa, maduka ya Darajani na Mlandege, mjini Unguja, hujaa wazee na watoto wao, na baada ya wiki tatu huanza malalamiko. Ni yale yale kila mwaka. Laptopu ya mtumba imenunuliwa safi, kioo kinang'aa, dukani iliwaka upesi. Imefika dahalia Tunguu, umeme umekatika saa mbili usiku, kazi ya mwalimu inatakiwa asubuhi. Dakika arobaini, imezima. Mwanafunzi akirudi dukani anaambiwa, "Ndiyo used zilivyo, mwanangu."

Sivyo zilivyo. Iko laptopu ya mwaka 2018 inayokaa na chaji kutwa nzima ya vipindi, na iko ya 2021 inayokufa kabla kipindi kimoja hakijesha. Kinachozitenganisha ni betri, na hicho ndicho kitu ambacho wanunuzi wengi hawakipimi. Watauliza RAM (kumbukumbu ya kazi), watauliza SSD (hifadhi ya mafaili), watauliza kama kibodi ina taa, halafu watatoa pesa huku mashine imechomekwa umeme tangu asubuhi.

Tumalize kwanza suala la umri. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa (chipu kuu ya mashine) za Intel huanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana. Kwa hiyo mstari wa chini ni kizazi cha 8. Kizazi husomwa baada ya kistari: i5-8250U ni cha 8, i5-1135G7 ni cha 11, i5-1235U ni cha 12. Usibabaishwe na stika ya i7. Prosesa ya i7-6600U ina koa mbili tu (sehemu za prosesa zinazofanya kazi), i5-8250U ina nne, na bado i7 hiyo huuzwa ghali zaidi kwa sababu muuzaji anajua mzazi anaisoma stika na hasomi namba. Huo si ujanja wa biashara, ni kumla mtu ambaye pengine ameuza ng'ombe au ametoa pesa ya kikoba.

RAM iwe GB 8, SSD GB 256. Hapo hapana mjadala, tuendelee.

Ukubwa wa betri huandikwa kwa Wh, yaani wati-saa. Kuandika na kusoma PDF kwa mwanga wa kioo wa wastani hula kama wati 7 hadi 10. Betri ya Wh 50 ikiwa nzima itakupa saa tano au zaidi. Ikiwa imebaki asilimia 60, una Wh 30, na hapo ni saa tatu na kitu. Ikibaki asilimia 35, andaa mshumaa. Betri za lithiamu huchakaa kwa kuchajiwa na kutumika, huchakaa kwa umri hata zikiwa zimekaa tu, na kinachozimaliza haraka zaidi ni joto pamoja na kukaa kwenye asilimia 100. Laptopu ya ofisini iliyoishi miaka minne juu ya meza, imechomekwa mchana na usiku, hutoka na gamba zuri na betri iliyochoka. Na nyingi ya zinazotufikia kupitia Dubai zimetoka maofisini.

Kupima ni kazi ya dakika ishirini na tano, na muuzaji mkweli hatakataa. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua, kisha andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Itakutajia mahali ilipohifadhi faili. Lifungue kwa kivinjari. Tafuta mistari miwili: Design Capacity, ukubwa betri iliotoka nao kiwandani, na Full Charge Capacity, inachoweza kubeba leo. Gawa ya pili kwa ya kwanza. Ikiwa kiwandani ilikuwa 48,000 na leo ni 31,200, umebaki na asilimia 65. Asilimia 80 kwenda juu, chukua. Kati ya 60 na 80, punguziwa bei. Chini ya 60, hesabu gharama ya betri mpya kabla hujakubali chochote.

Lakini usiishie hapo, maana ripoti huweza kudanganya. Ukiona mashine ya 2018 ina ripoti ya asilimia 100 kamili na mstari wa Cycle Count (mizunguko ya kuchajiwa) unasema 0 au hauna kitu, hiyo aidha ni betri mpya ya kweli au ni ya bandia ambayo chipu yake inasema lolote iliyopangiwa kusema. Hapo hapana njia isipokuwa kuiendesha. Chomoa chaja, weka mwanga wa kioo nusu, fungua video iliyomo ndani ya mashine, ngoja dakika 20. Ikishuka asilimia 8, utapata kiasi cha saa nne. Ikishuka 20, utapata saa moja na dakika arobaini. Jaribio lianzie kwenye asilimia 60 au 50, si kwenye 100, kwa sababu betri iliyochoka hujitia nguvu juu na kuanguka chini: inasoma 38, mara imezima. Ndiyo maana maduka huziweka kwenye chaji muda wote. Mwambie muuzaji utarudi baada ya saa moja, aiache imewashwa na imechomolewa. Akikuambia haiwezekani, amekwisha kukujibu.

Iweke pia juu ya meza ya kioo uibonyeze kila pembe. Ikiyumba, au ikiwa tachpedi imenyanyuka na haibonyezeki vizuri, betri ya ndani imevimba. Hiyo iache hata kama unapewa kwa nusu bei.

Sasa mpangilio, na sifichi ninakoegemea. Ya kwanza ni Lenovo ThinkPad T480, ya mwaka 2018. Ndiyo kongwe kuliko zote hapa na bado naiweka juu. Ina betri mbili: ya ndani Wh 24, na ya nyuma inayochomoka kwa mkono, ambayo hutoka kwa ukubwa wa 24, 48 au 72. Ukiwa na ile ya 72 jumla ni Wh 96. Hutumia ya nyuma kwanza, kwa hiyo ikiisha unaichomoa, unapachika nyingine, na mashine haizimi kwa sababu ya ndani inaishikilia. Betri ya nyuma ikichakaa unanunua betri, hununui fundi. Nafasi za RAM ni mbili, na huchaji kwa USB-C, hivyo chaja ikipotea unaweza kuazima ya mwenzako.

Ina mambo yake. Nyingi zilitolewa na kioo cha 1366 kwa 768, ambacho huchosha macho. Dai cha 1920 kwa 1080. Zile za mwanzo zilikuwa na kasoro ya programu ya ndani iliyoua tundu la Thunderbolt, mojawapo ya tundu zake mbili za USB-C, na Lenovo ilitoa sasisho la kurekebisha, ila tundu lililokwisha kufa halikufufuka kwa sasisho. Kwa hiyo chaji kwa tundu zote mbili za USB-C, moja moja, kisha chomeka flashi au simu uone inasomwa. Na ripoti yake itaonyesha betri mbili. Piga hesabu ya kila moja. Wapo wanaouza T480 yenye betri nzuri ya nyuma na ya ndani iliyokufa. Hiyo bado inafaa, lakini si kwa bei ileile, na huwezi tena kubadilisha ya nyuma bila kuizima. Ya ndani ikibadilishwa, fundi aingie kwanza BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, kabla ya Windows) kwa F1 na kuizima kwenye Config, Power, ndipo afungue skrubu za chini.

Usichanganye na T480s. Herufi hiyo moja inaondoa betri ya nyuma. Na wauzaji huiruka wanapotamka.

Ya pili, kwa mwenye pesa zaidi na anayetaka mpya kidogo, ni HP EliteBook 840 G8 ya 2021: kizazi cha 11, betri ya ndani ya Wh 53, nafasi mbili za RAM, nyepesi. Kasi yake ni kubwa kuliko ya T480, hilo halina ubishi, na anayesomea programu au takwimu nzito ataiona tofauti. Kwangu imeshuka nafasi moja kwa sababu betri ikichoka lazima ifunguliwe. Epuka zenye kioo cha Sure View, kile cha kuzuia wa pembeni asione. Huonekana hafifu, unalazimika kuongeza mwanga, na mwanga ndio unaokunywa betri.

Ya tatu ni Dell Latitude 5420, ya mwaka huohuo. Tahadhari ni moja: gamba hilohilo lilitolewa na betri ya Wh 42 au ya 63, na kwa nje hutaziona tofauti. Duka litakuuzia zote kwa bei moja. Ripoti ndiyo itakayokuambia, angalia Design Capacity iko karibu na 42,000 au 63,000. Ya 42 iliyochakaa haina maana yoyote kwa mwanafunzi.

MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020 inazishinda zote kwa kukaa na chaji, na lazima niseme hivyo. Lakini RAM yake haiongezeki, kioo kikivunjika ni msiba, na ArcGIS Pro, programu ya ramani, inataka Windows, kwa hiyo uliza idara yako kwanza. Hakikisha pia imetolewa kwenye akaunti ya mwenye mali wa awali, la sivyo umenunua sahani.

Laptopu mpya za bei ya chini zenye prosesa ya Celeron, RAM GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64: hapana. Mpya ya boksi isikutie tamaa.

Kabla ya kulipa, izime, iwashe ukibonyeza F1 kwa Lenovo, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Ikidai nenosiri la BIOS, rudisha. La ThinkPad haliondoki kwa kuchomoa betri ndogo ya ubaoni kama unavyoambiwa. Iunganishe na intaneti baada ya Windows kuwekwa upya. Ikitokea ukurasa unaotaka barua pepe ya kampuni fulani, mashine hiyo bado imefungwa kwa wenyewe.

Kuhusu dhamana, maduka mengi hutoa wiki au mwezi, halafu chini ya risiti kwa maandishi madogo, betri na chaja hazimo. Kitu kinachoharibika kuliko vyote ndicho kilichoondolewa, na wanunuzi husaini. Dai betri iandikwe, na asilimia yake iandikwe, na namba ya serial ya mashine iwepo. Mwenye duka anayejua alichokiuza hapotezi chochote kwa mstari huo.

Ukishainunua, weka kikomo cha chaji kwenye asilimia 80 kwa siku za kawaida: Lenovo kwa programu ya Vantage, HP na Dell kwenye BIOS. Iachie 100 siku unayojua umeme utakatwa. Usiitumie juu ya godoro, matundu ya hewa huziba na joto lote huishia kwenye betri.

Kwa aliyeko Pemba anayenunua kwa simu kutoka Unguja, taka ripoti nzima kabla pesa haijatumwa, si picha ya kioo kinachowaka. Juu ya ripoti kuna jina la mashine na saa iliyotengenezwa. Saa hiyo iwe ya leo. Kwa T480, baada ya neno LENOVO jina huanza na 20L5 au 20L6. Taka pia picha moja inayoonyesha ripoti kwenye kioo na karatasi yenye namba ya serial iliyoandikwa kwa mkono, kisha mzigo ukishushwa Mkoani, linganisha namba na stika ya chini papo hapo, mbele ya aliyeuleta.