Kusomea Ngoma Huku Unashika Chaki: Mwaka Mmoja wa Stashahada ya Uzamili

Siku niliyomwambia mwalimu mkuu kwamba nimepata nafasi ya kusoma stashahada ya uzamili ya ufundishaji wa ngoma, aliinua macho kwenye andalio la somo akaniuliza, "Madam, yaani unalipa ada ukasomee kiuno?" Mpaka leo ofisini naitwa Madam Kiuno. Nimezoea, na wengine sasa wananijia chemba kuniuliza ilikuwaje, ndiyo maana naandika.

Nafundisha shule ya msingi wilayani Chamwino. Mtaala mpya ulipoanza kutumika 2024, somo la Sanaa na Michezo liliniangukia kwa sababu moja tu: mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha watoto ngoma ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi. Kusomea, sikusomea. Nikatafuta kozi ambayo mwalimu anaweza kuisoma bila kuacha kazi, nikaipata ya chuo kimoja cha Uingereza. Ni ya mwaka mmoja, vipindi usiku kwa intaneti, na wiki mbili za Julai ambazo unachagua kwenda kwao au kufanya kazi ya uwandani kwenu. Ukitaka masta kamili unaongeza tasnifu. Jina la chuo silitaji, maana nina malalamiko na cheti changu bado kiko mikononi mwao.

Ada ilipunguzwa nusu, na hiyo nusu iliyobaki nililipa kwa mkopo wa SACCOS ambao bado unanikata mshahara. Bando ni juu yako.

Vipindi ni Jumanne. Septemba tulianza saa mbili usiku kwa saa zetu. Mwishoni mwa Oktoba Waingereza wanarudisha saa zao nyuma, kwa hiyo kipindi kikawa saa tatu. Mimi nikakaa saa nzima mbele ya simu natazama uso wangu mwenyewe. Mwishoni mwa Machi wakazisogeza tena mbele, nikaingia nikakuta wenzangu wameshatokwa jasho. Hakuna aliyetuandikia ujumbe. Labda waliona ni jambo ambalo kila mtu duniani analijua.

Kilichonirudishia pesa yangu ni wiki sita za Laban. Rudolf Laban, mzaliwa wa Bratislava, alitoa mwaka 1928 njia ya kuandika mwendo wa mwili kwenye karatasi, kama wanamuziki wanavyoandika sauti. Ukurasa unasomwa kutoka chini kwenda juu. Mstari wa katikati unatenga upande wa kushoto na wa kulia wa mwili. Umbo la alama linakuonyesha mwendo unaelekea wapi, urefu wake unakuonyesha unachukua muda gani, na ujazo wake unakuonyesha kimo: iliyojaa wino ni chini, yenye nukta ni katikati, yenye mistari ya mshazari ni juu. Wiki mbili za kwanza nilitamani kulia.

Halafu ikaja sehemu ya pili, ya namna mwendo wenyewe unavyofanyika: uzito, muda, nafasi na mtiririko. Hiyo niliingia nayo darasani Jumatano asubuhi, bado usingizi machoni. Zamani nilikuwa nasimama mbele ya watoto 87 napaza sauti, "Changamkeni! Chezeni vizuri!" Mtoto wa miaka tisa hajui hiyo "vizuri" inakaa wapi mwilini. Sasa nawaambia: twanga. Hapo unapata mwendo mzito, wa ghafla, unaoshuka moja kwa moja. Pepeta. Mwili wote unakuwa mwepesi, mikono inacheza na upepo. Umejitwika ndoo, usimwage maji! Mtiririko unazuiwa, shingo inanyooka, miguu inajua kazi yake. Wanashika papo hapo, kwani wengine wametoka kuzifanya kazi hizo nyumbani alfajiri. Mifano ya chuoni ilikuwa kupiga ngumi, kukamua na kuelea. Ya kwetu nimeitafuta mwenyewe. Baadaye nilisoma kwamba Laban, wakati wa vita vya pili vya dunia, alikuwa akichunguza mwendo wa wafanyakazi wa viwandani huko Uingereza. Nikajiona sijapotea njia.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kuandika na kurekodi ngoma moja ya kwenu. Nikachagua muheme. Hapa niseme ukweli: mimi ni Mgogo, lakini nimekulia Chang'ombe ya Dodoma mjini na mama mlokole, na muheme nilikuwa nauona kwenye mapokezi ya viongozi tu, akina mama wamebana ngoma katikati ya mapaja, filimbi ikilia. Kwamba asili yake ni jando na unyago, na kwamba kila ngoma pale ina kazi yake, nilikuja kuambiwa na mama mdogo wangu huko Mvumi. Nikiwa na miaka 36.

Sasa, tarehe ya kuwasilisha ilikuwa Februari. Mtu yeyote wa Dodoma anajua Februari ni nini. Ni kifuku, majira ya mvua, uwele na mtama viko shambani, akina mama wameinama na majembe. Ngoma zina wakati wake, baada ya mavuno. Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, ngoma ya mwezi wa pili apige nani? Na jembe lako liko wapi?" Nikapalilia Jumamosi mbili. Ya tatu wakakubali, wanawake watano, na ngozi zilikuwa zimelegea kwa unyevu kiasi kwamba tuliwasha moto mara tatu kuzipasha ndipo zikatoa sauti. Nilikuwa nimewaandikia chuo mapema kuomba muda zaidi, nikaeleza habari ya mvua na kilimo. Jibu lilikuja la mashine, na kwa kuchelewa siku nne nikakatwa alama kumi. Hilo sijalisamehe.

Nilipomaliza kuandika, nikampelekea mama mdogo karatasi. Akaigeuza juu chini, akauliza kama ni ramani ya mabanda ya kuku. Nikamwonyesha: huu mguu wa kulia, huu wa kushoto. Akakaa kimya kidogo. "Na mabega umeyaacha wapi?" Nilikuwa nimeyaacha kweli. Nikarudia kurasa nne. Msimamizi wangu, aliyeiona kazi hiyo baada ya wiki saba, aliandika kwamba sehemu ya mabega ndiyo bora kuliko zote.

Orodha ya vitabu ni dhaifu. Baleti wiki tatu, ngoma za kisasa za Marekani wiki nne, kisha Afrika nzima ikafungwa kwenye kapu moja la wiki moja, Mgogo, Mzulu na Myoruba pamoja. Somo la usalama wa mwili lilidhani kila mtu ana ukumbi wa sakafu ya mbao na vioo, ila nililitumia: nimewatoa watoto kwenye baraza la saruji, linaloua magoti, nikawapeleka kwenye mchanga chini ya mbuyu, na kabla hatujaanza tunapasha viungo. Kifundo cha mguu kinateguka kirahisi mchangani, kwa hiyo mizunguko tunaifanya taratibu.

Kutuma video: nilikesha kwenye stationari moja karibu na Jamatini. Kata video yako vipande vipande kabla ya kwenda.

Anayetaka kujifunza kucheza aende TaSUBa, Bagamoyo, kwenye chuo kilichoanza 1981. Huko utatoka unacheza na unapiga. Kozi hii haikufundishi kucheza. Na kwa cheti cha nje, anza na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, uulize utambuzi kabla ya kulipa hata shilingi, maana afisa utumishi atakuuliza hilo kwanza.

Tasnifu nitaiongeza, mkopo ukiisha. Nyota tatu. Ya nne ningeitoa kama ile kazi ingekuwa ya Julai.