Tathmini ya football3: mpira wa awamu tatu kwa somo la michezo

Walimu wengi tunaamini kwamba mtoto akiwekwa katika timu atajifunza heshima na ushirikiano bila kufundishwa, ilhali uwanja usio na utaratibu humzoeza mwenye nguvu kumiliki mpira na mnyonge kusimama pembeni. Ndiyo sababu naithamini football3, mbinu iliyoanzia Medellín, Kolombia, mwaka 1996, miaka miwili baada ya beki Andrés Escobar kuuawa mjini humo, siku chache tu tangu ajifunge bao katika Kombe la Dunia.

Kwanza timu mbili zenye wasichana na wavulana huketi pamoja na kukubaliana sheria. Kisha hucheza bila refa. Halafu hurudi kwenye duara na kupeana alama za uungwana, ambazo hujumlishwa na za mabao, hivyo timu iliyofunga zaidi inaweza kushindwa. Mpatanishi, yaani anayeongoza mazungumzo hayo, hapulizi filimbi wala hatoi hukumu, bali huuliza maswali.

Thamani yote imo katika awamu ya tatu. Mtoto aliyezoea kukimbilia kwa mwalimu kushtaki kwamba amesukumwa, sasa hulazimika kumweleza mwenzake ana kwa ana, naye mwenzake husikiliza mpaka mwisho kabla ya kujibu, kwa sababu alama za timu nzima zinategemea mazungumzo hayo. Sijaona zoezi jingine la michezo linalomfundisha mtoto kuomba radhi kwa uzito kama huo.

Kasoro yake kubwa ni muda. Katika kipindi cha dakika 35, mazungumzo mawili hula nafasi ya kukimbia, na kishawishi ni kuyafuta; afadhali sheria zipatanwe darasani na mechi yenyewe ifupishwe. Kanuni ya Medellín kwamba bao la kwanza lifungwe na msichana ina nia njema, lakini katika darasa lisiloizoea msichana akishafunga huenda asipewe pasi tena, hivyo napendelea kila mchezaji auguse mpira kabla ya bao. Upatanishi nao nisingempa kiranja, kwani amezoea kuamuru.

Vifaa si kikwazo: mpira mmoja na mawe ya kuwekea magoli vinatosha. Naipendekeza kuanzia darasa la nne, na kwa darasa kubwa wasiocheza wapewe kazi ya kuandika matendo ya uungwana wanayoyaona, ili duara likikaa pawe na ushahidi.